Imba, Tukusikie

Kitongoji cha Mlimani,
njia ya Ulemo, Iramba.
9 Julai 2023

Mdogo wangu Editha,

Bwana asifiwe sana. Nakusalimu wewe, shemeji Calist na wanangu wote huko Tunduru. Sisi huku tunapumua kwa neema ya Mungu. Baridi ya mwaka huu ni kali, upepo unavuma kutwa nzima na vumbi linaingia mpaka kwenye chungu cha mlenda. Alizeti tumevuna, lakini si ya kusimulia, maana mvua ilikata ikiwa ndiyo kwanza inatoa maua. Mtama umetoka kidogo. Wifi yako Lea hajambo, anasema umemsahau.

Najua umenipigia ukachoka. Simu yangu ni nzima, nimeizima mwenyewe. Kuna watu walikuwa wananipigia kwa namba nisizozijua. Hawatukani, hawasemi hata neno. Wananiwekea wimbo wangu mwenyewe, ule wa kwanza kwenye ile albamu, wanauacha ucheze kidogo, halafu wanakata. Nilipokuwa shambani walipiga, nikiwa mezani walipiga, siku moja walipiga nikiwa kanisani kwenye kikao cha wazee. Lea alianza kutetemeka kila simu ikiita, ndipo nikaizima. Kwa hiyo tuandikiane kama zamani. Barua hii nampa kondakta wa basi pale Misigiri, na wewe fanya hivyo hivyo, andika jina langu na jina la duka la Rukaiya. Huyu mama nina imani naye.

Utasikia maneno kutoka huku. Wamefika lambalamba, wale watu wanaozunguka vijijini wakisema wanatoa uchawi majumbani. Wako kijiji cha jirani, wanachimba kwenye miji ya watu na kutoa mapembe, watu wanashangilia. Mkutano wa kijiji chetu nao umeamua waitwe. Mimi nilisimama nikasema kwamba mtu aliyebatizwa hamkaribishi mganga nyumbani kwake. Hakuna aliyenipigia makofi. Ukisikia lolote juu yangu, usiliamini kabla sijakuandikia mwenyewe.

Kaka yako,
Hosea


Tunduru, 30 Julai 2023

Kaka Hosea,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, nimeisoma nikiwa nimesimama pale pale stendi. Sisi wazima. Calist anasumbuliwa na mgongo, lakini anakwenda kazini. Watoto wanamuulizia mjomba wao na wanaimba nyimbo zako vibaya sana, mpaka majirani wanacheka. Shuleni tumefungua, nina darasa la pili, watoto wamejaa kama dagaa kwenye gunia.

Kaka, nimeogopa. Mtu asiyetukana ndiye wa kuogopwa. Kwa nini uliposimama mkutanoni ulisimama peke yako? Mwinjilisti Leonidas alikuwa wapi? Wazee wenzako wa kanisa walikuwa wapi? Na wewe ulikuwa na haraka gani ya kusema kabla yao?

Funga nyumba, mchukue Lea, mje huku. Nyumba yetu ni ndogo lakini mtalala. Huku kuna kanisa na kwaya yao inahitaji mtu kama wewe. Ukisema hapana, basi nisubiri Desemba shule zikifungwa, nitakuja mwenyewe nikae na ninyi.

Mwambie Lea aniandikie mstari mmoja tu. Si kawaida yake kunyamaza.

Mdogo wako,
Editha


Mlimani, 21 Agosti 2023

Mdogo wangu Editha,

Salamu nyingi katika jina la Yesu. Pole ya mgongo kwa shemeji, mwambie asilale kwenye godoro laini. Huku upepo umepungua, jua sasa linachoma. Kuku wamekufa kwa kideri karibu wote. Lea yuko salama.

Umeniuliza kwa nini nilisimama peke yangu. Leonidas alikuwepo, alikuwa anaangalia viatu vyake. Juzi alikuja hapa nyumbani akakaa kwenye kigoda, akaomba maji, akanywa. Ndipo akasema, "Mzee, nimekuja kukuomba upumzike uzee wa kanisa kidogo, mpaka upepo utulie." Nikamuuliza, "Upepo gani, mwinjilisti?" Akasema, "Mzee, unajua." Nikamwambia nimetumika kwenye madhabahu ile tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na kama kuna neno alitamke. Hakulitamka. Mimi nitakutamkia, maana bora ulisikie kwangu.

Unamkumbuka Deo wa besi, mtoto wa mama Martha. Mimi ndiye niliyemfundisha kuimba akiwa bado anachunga ng'ombe. Mwezi wa tatu alifiwa na mwanawe wa pekee, mtoto aliugua ghafla akaondoka. Niliimba kwenye maziko, kama ninavyoimba kwenye maziko ya watu wote hapa. Baadaye Deo akawaambia watu: "Mimi nimesimama pale nalia mpaka sioni, namsikia Hosea sauti inazidi kung'aa. Mtu gani sauti yake inanenepa juu ya makaburi?"

Hapo ndipo yalipoanzia. Wenzake wakaanza kukumbuka. Wakakumbuka kwamba Janeth wangu alikufa wiki ile ile niliyotoka Singida kurekodi albamu. Wakakumbuka kwamba kabla ya hapo nilikuwa mwimbaji wa kijijini tu, na baada ya kumzika mtoto nyimbo zikaanza kupigwa redioni, nikaitwa kuimba mpaka Dodoma. Sasa wanasema nilimtoa binti yangu kafara nikapewa sauti, na kwamba kila nikiimba msibani naongezewa.

Editha, mstari huo nisingependa kuuandika. Nimeuandika kwa sababu ni lazima.

Kuondoka siwezi. Nikiondoka leo, kesho watasema amekimbia, na kaburi la mwanangu liko hapa nyuma ya nyumba. Nani atakaa nalo?

Kaka yako,
Hosea


Tunduru, 10 Septemba 2023

Kaka,

Shikamoo. Tuko salama, ila mtoto wa mwisho ana tetekuwanga na wenzake wanasubiri zamu. Mvua bado, lakini mikorosho imeanza kutoa maua.

Nimekaa na barua yako siku nyingi. Nimeanza kujibu nikachana, nikaanza tena. Nakuandikia kama mdogo wako, tumbo moja, na ninaomba usinichukie.

Siku ile ulipokwenda Singida kurekodi, kabla Janeth hajaugua, ulipita kwa mtu yeyote? Sisemi ulifanya kitu. Watu wanapenda kuwapeleka waimbaji kwa watu wa ajabu na kuwaambia ni maombi tu, ni mafuta tu, ni baraka tu. Labda ulipelekwa na watu wa studio bila kujua. Kama kuna kitu, hata kidogo, niambie, tujue tunasimama wapi.

Na Lea je? Mara ya kwanza uliandika hajambo, mara ya pili yuko salama. Salama wapi?

Editha


Mlimani, 28 Oktoba 2023

Editha,

Salamu. Poleni na tetekuwanga.

Walikuja. Imekwisha. Niko salama na hakuna mtu anayenisumbua tena. Mawingu yameanza kuonekana upande wa Wembere, watu wanatayarisha mashamba.

Sina mengi ya kuandika kwa leo.

Hosea


Tunduru, 16 Novemba 2023

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimepokea karatasi yako. Siiti barua.

Jana Lea alinipigia simu. Alikuwa Mwankoko, kwa kaka zake, na amesema yuko huko tangu mwezi wa nane. Yaani ulipokuwa unaniandikia kwamba yuko salama, nyumba ilikuwa tupu na wewe unapika ugali peke yako. Sikumgombeza. Alilia sana, mimi pia. Aliniambia alikuja siku ile akasimama mbali. Aliniambia kwamba walikunyoa. Nilipomuuliza na nini tena, akasema, "Wifi, muulize shingo inaendeleaje," kisha simu ikakatika, au alikata.

Kaka, shingo inaendeleaje?

Sijali tena swali langu la Septemba. Lichane. Najua ndilo lililokufanya unyamaze, na nimejuta kila siku tangu niiachie ile bahasha kwenye mkono wa kondakta. Lakini usininyamazie. Mtu akinyamaziwa kutoka mbali namna hii anaona mambo mabaya kuliko yaliyotokea. Nikiwa darasani namwona mtu akipita dirishani, nadhani ameleta habari ya msiba.

Niandikie kila kitu.

Mdogo wako anayekupenda,
Editha


Mlimani, 5 Desemba 2023

Mdogo wangu Editha,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu, na nakuomba radhi kwa ile karatasi. Mvua imenyesha vizuri, tumepanda. Nasema tumepanda kwa mazoea. Nimepanda. Rukaiya alinisaidia kwa jembe lake, akaniletea na mbegu ya uwele. Ndiye jirani pekee aliyeingia kwenye mji wangu miezi ile.

Kwanza nijibu swali lako, ingawa umesema nilichane. Siku ile nilipotoka studio nilipita kwa mtu mmoja tu, muuza viatu pale stendi ya Singida. Nilimnunulia Janeth viatu vya shule. Nilipofika nyumbani alikuwa tayari ana homa, shingo imekakamaa. Hospitali walisema ni homa ya uti wa mgongo. Alivijaribu akiwa amelala kitandani, akasema vinabana kidogo. Tulimzika navyo. Hakuna mtu mwingine niliyepita kwake, Editha, na hilo nitalisema hata mbele ya kiti cha enzi.

Sasa haya ya Oktoba.

Walikuja jua likiwa limepanda, na ngoma, na watu wengi kuliko wanaokuja kanisani Pasaka. Nilikuwa nimevaa suti yangu ya ibada, maana niliwaza kwamba nikifa nife nimevaa vizuri. Unacheka? Mimi sikucheka.

Kiongozi wao ni kijana mdogo mwenye adabu. Aliniamkia. Kisha akasema, "Mzee, sauti yako ulipewa wapi?"

"Nilizaliwa nayo. Mungu ameitunza."

"Utatuonyesha mwenyewe au tuchimbe?"

"Chimbeni," nikasema. "Hakuna kitu."

Walizunguka nyumba wakinusa, wakasimama kwenye kona ya jiko, wakachimba. Kijana mmoja akaingiza mkono mpaka begani, akapiga kelele, akatoa pembe ya mnyama iliyofungwa kitambaa chekundu. Kitambaa kilikuwa hakijashika hata udongo. Nilisema, "Angalieni hicho kitambaa!" Nilisema mara nyingi. Hakuna aliyesikia, ngoma zilikuwa juu. Niliwaona wanakwaya wangu, wale ninaowafundisha noti kila Alhamisi, wanashangilia kama watu walioponywa. Nilimwona Leonidas kwa mbali kwenye baiskeli yake, ameweka mguu mmoja chini, kisha akaondoka. Na nilimwona Lea. Alikuwa na kaka zake karibu na uzio wa minyaa. Nilipomwangalia aliangalia chini. Shimo na pembe ningeweza kuvistahimili, mdogo wangu. Hilo la kuangalia chini ndilo lililonivunja.

Wakaninyoa. Wakanichanja kooni kwa wembe, hapa mbele, chale ndogo ndogo, wakapaka dawa nyeusi ikawasha kama pilipili. Vidonda vimepona, vimebaki vialama. Kisha wakaichoma pembe hapo uani. Ilipokwisha kuungua, yule kijana akanyanyua mkono, ngoma zikanyamaza.

Akasema, "Mzee, imba. Imba, tukusikie."

Deo alikuwa mbele kabisa, ananiangalia mdomoni. Nami niliwaza: asante Mungu, umenipa nafasi. Nitaimba, na watajua kwamba sauti haikutoka kwenye pembe. Nikafungua kinywa. Editha, hakikutoka kitu. Koo lilikuwa limekauka kama mtungi uliosahauliwa juani. Nikajaribu tena, ikatoka hewa tu. Nilikuwa nimeogopa kupita kiasi, basi, ni hofu tu. Lakini nani angesema ni hofu?

Walipiga vigelegele vya kutoboa masikio.

Halafu likatokea jambo ambalo sikulitegemea. Walikuja kunishika mkono. Mmoja mmoja, wakinipa pole. "Pole mzee, sasa umekuwa mwepesi." Deo alinikumbatia akilia. Tangu siku ile hakuna anayenitazama vibaya. Wananisalimia njiani, wanawake wananiletea mboga. Nimesafishwa, wanasema. Wamenisamehe kosa ambalo sikulifanya, na msamaha wao ni mtamu, nisikudanganye, maana nalala.

Lakini nimegundua bei yake. Kanisani nakaa benchi la nyuma. Wimbo ukianza, watu wanageuka kidogo kuniangalia midomo. Nikiimba, watasema pembe imerudi. Nikikaa kimya, naishi. Sauti ilirudi siku ya tatu yake, nilipokuwa kisimani peke yangu, nzima kabisa kama ilivyokuwa. Niliufunika mdomo kwa kiganja na kuangalia huku na huku kama mwizi.

Mimi mzee wa kanisa, naogopa kuimba jina la Yesu. Niombee.

Hosea


Tunduru, 2 Januari 2024

Kaka,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Barua yako nimeisoma chumbani, mlango nimefunga. Calist aliponiona alitaka kuisoma, nikampa. Alisoma, kisha akasema, "Hosea asiimbe tena. Mwambie hivyo."

Nami nasema hivyo hivyo. Kaka, usiimbe. Mungu anasikia hata mtu anayeimba moyoni. Mbona Hana aliomba midomo ikitikisika tu na akapata mtoto? Kaa kimya benchi la nyuma, ulime shamba lako, uishi. Mimi sihitaji kaka shujaa, nahitaji kaka.

Umeona shule zimefungwa na sikuja. Nilikuwa nimeanza barua ya kukuambia kwamba nilipangiwa kusahihisha mitihani, kwamba watoto, kwamba mgongo wa Calist. Nimeiacha. Niliogopa. Nilifika mpaka kwenye dirisha la tiketi, nikawaza watu wale wakisema, "Huyu ni dada yake, naye achunguzwe," nikarudi nyumbani na begi langu. Basi ndivyo ilivyo. Nimekuacha peke yako na sina cha kujitetea.

Lea ananipigia sasa mara kwa mara. Hazungumzii siku ile. Ananiuliza kama unakula. Nimemwambia akakuulize mwenyewe.

Tafadhali, kaa kimya.

Editha


Mlimani, 11 Februari 2024

Mdogo wangu Editha,

Amani ya Kristo iwe kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Usijilaumu kwa habari ya dirisha la tiketi. Kama ungekuja ningekuwa na hofu mbili badala ya moja. Mvua mwaka huu ni ya kutosha, alizeti imesimama vizuri, na Rukaiya anakusalimu ingawa hajawahi kukuona.

Nilishika ushauri wenu Januari nzima. Sikuimba hata nikichunga mbuzi. Sasa sikiliza kilichotokea.

Jumanne iliyopita nilikuwa napalilia, nikamwona Deo amesimama nje ya uzio. Hakuingia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu."

"Mama ametutoka alfajiri."

Nikaweka jembe chini. Mama Martha ndiye aliyenipokea kwenye kwaya nikiwa kijana, ndiye aliyemwosha Janeth siku ya msiba wetu. Nikampa pole Deo. Alikuwa anachuma majani ya minyaa, anayatupa, anachuma mengine. Kisha akasema, "Aliacha maneno. Alisema kaburini uimbe wewe. Si kwaya. Wewe."

Nikasogea mpaka kwenye uzio. Nikamuuliza, "Na wewe, Deo, unataka niimbe?"

"Mimi nimeleta maneno ya mama."

"Nikiimba mtasema nini?"

Akachuma jani jingine, akalitupa. Alisema maziko ni kesho mchana, akaondoka bila kugeuka.

Usiku na asubuhi yake nilikuwa kama mgonjwa. Niliwaza labda ni mtego. Labda wanataka kuona kama nimepona kweli au bado. Rukaiya alikuja akanikuta nimekaa na viatu mkononi. Akasema, "Baba, ukibaki nyumbani hakuna atakayekulaumu." Nikamwambia ndiyo, najua. Alisubiri kidogo, akasema, "Mama Martha atakulaumu." Akaenda zake dukani.

Nilikwenda. Sitajipamba, Editha, sikwenda kwa imani kubwa. Nilikwenda kwa sababu nilimwona yule mama akilala kwenye udongo bila kitu alichoomba, na aibu ikaizidi hofu, kidogo tu.

Leonidas aliongoza ibada. Jeneza liliposhuka alimaliza kusoma, akafunga kitabu, akaniangalia. Watu wote wakageuka. Waliokuwa karibu nami wakasogea pembeni, nikabaki nimesimama peke yangu mbele ya shimo. Mmoja akasema kwa sauti ya chini kwa Kinyiramba, mwacheni tumwone.

Nikaanza. Sauti ilitoka mbaya, imekwaruza, kama ya mtu aliyetoka kwenye homa. Chale zilivuta kooni. Ubeti wa kwanza niliuimba macho nimeyafumba, nasubiri jiwe. Wa pili sauti ikafunguka. Ilifunguka, mdogo wangu, kama zamani, na pale ndipo nilipoogopa zaidi, maana nilisikia watu wakivuta pumzi. Nilijua sasa wamejua kwamba ipo. Nilitaka kuishusha, niiharibu makusudi wasisikie vizuri. Nikashindwa. Nilikuwa namzika mama Martha.

Kwenye kiitikio niliimba peke yangu mara ya kwanza. Mara ya pili, chini kabisa, kama kitu kinachotoka ardhini, nikasikia besi. Nikafumbua macho. Deo alikuwa upande wa pili wa kaburi la mama yake, mikono ameiweka kichwani, analia na kuimba pamoja. Hakuniangalia. Kisha wanawake wawili watatu wakaingia. Si wote. Wapo waliofunga midomo mpaka mwisho, na wapo waliogeuka wakaondoka udongo haujafukiwa.

Tulipomaliza nikaweka udongo wangu, nikashika njia ya nyumbani. Sikumuaga mtu. Nilipofika kwenye korongo nikasikia miguu nyuma yangu, mingi. Nikaongeza mwendo, nayo ikaongeza. Hakuna aliyesema neno. Editha, niliomba sala ya kufa. Niliomba iwe haraka, niliomba Lea asiletwe kuniona. Sikuthubutu kugeuka, niliangalia tu vivuli vyao vinavyofika hadi miguuni pangu. Mkojo ulinitoka, nakuambia wewe tu.

Nilipofika kwenye uzio wangu nikasimama, maana hakuna mahali pengine pa kwenda. Nao wakasimama. Ndipo Deo akasema, "Mzee, umefika salama. Tulikuwa tunakusindikiza. Kuna watu wanakusubiri kule njia ya juu, ndiyo maana." Alivua kofia, akawageukia wenzake, wakaondoka. Niliegemea kwenye nguzo ya uzio kwa muda mrefu nikitafuta pumzi.

Mtu mmoja hakuondoka. Lea alikuja mazikoni na kaka zake kutoka Mwankoko, na mimi sikumwona. Alisimama pale na khanga yake ya msiba. Nikamwambia, "Karibu." Akasema, "Siku ile uliponyamaza niliona nimejua wewe ni nani. Leo sijui tena." Nikamwambia kwamba nitamsimulia habari ya Janeth tangu mwanzo, kila siku akitaka, mpaka achoke au aamini. Akasema, "Basi anza kesho. Leo nimechoka." Akainama akapita mlangoni.

Hajasema kwamba ananiamini. Nimeanza kumsimulia, anasikiliza, anauliza, wakati mwingine anatoka nje katikati ya maneno. Wale wa njia ya juu nawajua kwa majina, na nasikia wanasema pembe imeota upya. Leonidas ameniomba niongoze wimbo Jumapili ijayo, kisha akaniambia nisikubali kama naogopa. Nimekubali, na ninaogopa. Sasa hivi mbwa wa jirani amebweka nikaangusha kalamu.

Lakini Lea yuko jikoni anachambua mchicha. Tangu nianze ukurasa huu anaimba sauti ya pili peke yake, amefika kwenye kiitikio, anarudia, anarudia. Inanilazimu niache kuandika nikampe sauti ya kwanza.

Kaka yako,
Hosea